Lishe ya trei: stoo isiyopumua huzaa kuvu

Kiangazi kikishika na nepia kukauka shambani, wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa hugeukia trei. Shayiri huloweshwa, hutandazwa na kunyunyiziwa maji kila mara, na baada ya siku 7 hivi kilo 1 ya mbegu huwa mkeka wa kijani wa kilo 6 au zaidi. Kilimo hiki cha haidroponiki hakihitaji shamba wala udongo. Kinahitaji chumba, na chumba ambacho familia nyingi inacho ni stoo: dirisha dogo au hakuna kabisa, paa la mabati, na mlango unaofungwa kutwa kwa kuhofia panya na kuku.

Siku ya nne au ya tano, mfugaji huingia akakuta utando wa kijivu juu ya mbegu na harufu ya uvundo. Lawama ya kwanza huangukia mbegu, kisha maji, kisha duka lililouza. Pengine kweli mbegu zilikuwa mbovu. Lakini mbegu zile zile, kwa maji yale yale, zinaweza kuota vizuri katika chumba kimoja na kuoza katika chumba cha jirani. Tofauti huwa ni hewa.

Mbegu zinapumua

Jambo moja liwekwe wazi mapema, maana matangazo ya wauzaji wa trei hulipita haraka. Sehemu kubwa ya uzito wa ule mkeka ni maji. Kilo 1 ya shayiri kavu ina takriban gramu 880 za chakula halisi ukiondoa maji. Mkeka wa kilo 6 uliotokana nayo huwa na gramu 800 hivi, pengine pungufu. Kwa hiyo anayetarajia kugeuza gunia 1 la shayiri kuwa magunia 6 ya chakula amedanganyika. Faida ya lishe hii ni kwamba ni mbichi, laini, ng'ombe huipenda, na hupatikana wakati hakuna kibichi kingine. Ni ya kuongezea nyasi kavu na chakula cha gunia, si ya kuvichukulia nafasi.

Je, zile gramu zilizopungua zilikwenda wapi? Mbegu zilizitumia kupumua. Mbegu inapoota huvuta oksijeni, huchoma wanga uliomo ndani yake, kisha hutoa vitu vitatu: kaboni dioksidi, mvuke wa maji, na joto. Anayejua kutengeneza kimea cha wimbi analifahamu jambo hili bila kuelezwa. Wimbi lililoloweshwa na kurundikwa ndani ya gunia hupata moto kiasi cha kuusikia ukitia mkono, na lisipogeuzwa na kutandazwa huanza kunuka na kuchachuka. Trei ya shayiri ni kimea kilichopewa muda mrefu zaidi, na trei 20 ndani ya stoo ni moto mdogo unaowaka mchana na usiku.

Ndiyo maana mbegu zitandazwe kwa unene wa sentimita 1 hadi 1.5, si zaidi. Tabaka nene hukosa hewa katikati hata kama chumba kina madirisha manne. Ikiwa trei inatoa harufu ya pombe au ya uji uliochacha, mbegu za ndani zimekosa oksijeni, na kuongeza maji kutazidisha tatizo badala ya kulitatua.

Nusu glasi ya maji

Chukua stoo ya kawaida yenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.4. Hewa yote iliyomo ndani ni mita 7.2 za ujazo. Kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi, kila mita ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke. Ukizidisha, hewa yote ya stoo hiyo inaweza kubeba gramu 125 hivi za maji, yaani karibu nusu glasi.

Sasa linganisha na lita za maji ambazo mfugaji hunyunyizia kutwa nzima, pamoja na mvuke ambao mbegu zenyewe hutoa. Stoo iliyofungwa hujaa mvuke upesi sana. Baada ya hapo maji yaliyo juu ya majani na mbegu hayana pa kwenda, na hubaki hapo yakisubiri kuvu.

Usiku hali huwa mbaya zaidi. Joto la stoo likishuka hadi nyuzi 10, kama inavyotokea kwenye wadi za juu mlimani, kila mita ya ujazo haibebi tena zaidi ya gramu 9 hivi. Karibu nusu ya ule mvuke hulazimika kugeuka maji. Kwa kuwa mabati ndiyo hupoa kwanza, maji hujikusanya upande wa ndani wa paa na kudondokea trei ya juu, yakiteremka na vumbi na kutu. Mfugaji anayekuta matone kwenye mabati alfajiri hahitaji kipimo chochote. Stoo yake haitoi hewa ya kutosha.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Mvua inaponyesha au ukungu unapotanda, mfugaji hufunga kila tundu akiamini kwamba hewa ya nje italeta unyevu. Mara nyingi si hivyo. Hewa ya nje yenye nyuzi 10, hata ikiwa imejaa mvuke kabisa, ina gramu 9 tu kwa kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani na kupata joto hadi nyuzi 20, inapata nafasi ya kubeba gramu 8 nyingine na kutoka nazo. Mradi ndani kuna joto kuliko nje, hewa ya baridi hukausha stoo.

Kinachohatarishwa

Kuvu kwenye trei si hasara ya mbegu tu. Ziko aina kadhaa, na nyingine hutengeneza sumu. Aina moja iitwayo Aspergillus clavatus hupenda hasa nafaka zilizochipuka, na imewahi kuripotiwa katika nchi mbalimbali, zikiwemo Australia na Afrika Kusini, kuwa iliua ng'ombe waliolishwa nafaka hizo zikiwa na kuvu. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Ng'ombe hutetemeka, hasa akisukumwa atembee, miguu ya nyuma hulegea, kwato hujikunja, na mwishowe huanguka akashindwa kuinuka. Wengi huonekana wakiwa bado na hamu ya kula, na hilo humfanya mfugaji adhani ng'ombe ameteguka tu.

Aina nyingine za jamii hiyo hiyo ndizo hutengeneza aflatoksini. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hupita kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyokuwa na aflatoksini. Mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu.

Hiyo ndiyo sababu ya ushauri ambao huenda ukawa mgumu kwa familia yenye stoo moja: trei za shayiri na magunia ya mahindi visikae chumba kimoja. Mahindi huhifadhiwa yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakiwekwa ndani ya chumba chenye mvuke mwingi, huufyonza na kupanda juu ya kiwango hicho hata kama yalianikwa vizuri na gunia halijaguswa na tone la maji. Mfugaji atakuwa anapata lishe ya ng'ombe huku akiharibu chakula cha watoto. Ikiwa stoo ni moja, trei zijengewe kibanda pembeni, hata cha mbao na nailoni, na mahindi yabaki na stoo yao.

Vivyo hivyo, trei zisiwekwe katika chumba wanacholala watu. Mbegu za kuvu huruka hewani, na mwenye pumu huwa wa kwanza kuumia. Dawa za kunyunyizia mimea na mbolea nazo zitoke humo.

Mahali pa kutoboa

Hewa yenye joto na mvuke ni nyepesi na hupanda juu. Hewa baridi ni nzito na hukaa chini. Kwa hiyo stoo inahitaji tundu la chini la kuingizia na tundu la juu la kutolea, na yote mawili yawepo. Dirisha moja lililo katikati ya ukuta halitoshi, kwani hewa huchungulia na kurudi ilikotoka.

Kwa stoo ya ukubwa uliotajwa, matundu mawili ya chini ya sentimita 20 kwa 20 ni mwanzo mzuri. Yawe sentimita 20 hivi kutoka sakafuni, upande ule upepo unakotokea mara nyingi. Ya juu yawe kwenye ukuta wa mkabala, karibu na paa kabisa, na jumla ya ukubwa wake isipungue ile ya chini. Tundu la juu likiwa nusu mita chini ya paa, hewa ya moto hukwama hapo juu, na trei ya juu kabisa ndiyo huoza kwanza.

Kila tundu liwekwe wavu wa chuma wenye macho madogo yanayozuia panya. Wanaoongeza wavu wa mbu kwa sababu ya nzi wafahamu kwamba wavu huo huzuia hewa kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo tundu litobolewe kubwa zaidi na wavu upigwe brashi kila wiki. Wavu uliozibwa na vumbi na buibui ni sawa na ukuta.

Rafu nazo huzuia hewa zisipopangwa. Ziachwe sentimita 15 kutoka ukutani, na kati ya rafu na rafu pawe na sentimita 40 hivi. Kila trei iinamishwe kidogo upande mmoja, maji yateremkie kwenye mfereji badala ya kudondokea trei ya chini. Sakafu yenye madimbwi hurudisha mvuke wote ambao tundu la juu limetoa, na kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba linafaa kuangaliwa kabla ya kununua chochote.

Kabla ya kuingiza shayiri, ni vyema kupima njia ya hewa kwa moshi. Kijiti kinachofuka moshi kishikwe mbele ya tundu la chini, mlango ukiwa umefungwa. Moshi uvutwe ndani, upande, utokee juu. Ukizunguka kwenye pembe moja bila kutoka, hapo ndipo kuvu itaanzia. Trei zikishaingia, uzi mwembamba wa kushonea unaoning'inia kati ya rafu unatosha. Ukitikisika kidogo, hewa inapita. Ukisimama wima siku nzima, haipiti. Ukipeperuka, upepo ni mkali na utakausha mizizi kabla ya maji ya awamu inayofuata.

Stoo yenye ukuta mmoja tu wa nje

Stoo nyingi zimo ndani ya nyumba, na kuta tatu zinapakana na vyumba vingine. Hapo dawa ni bomba. Wakazi wengi wameona choo cha shimo kilichoboreshwa, chenye bomba lililopakwa rangi nyeusi na kupita juu ya paa. Upepo unaopita juu ya bomba hunyonya hewa ya ndani, na jua likipasha joto ile rangi nyeusi, hewa iliyomo bombani hupanda. Kanuni hiyo hiyo hufanya kazi kwenye stoo. Bomba la plastiki la inchi 4 au 6 lianzie chini tu ya dari, lipite kwenye paa, litokeze angalau nusu mita juu ya sehemu ya juu kabisa ya paa, na lifunikwe kofia na wavu. Tundu la kuingizia liwe chini kwenye ule ukuta wa nje.

Bomba hilo ni rahisi kuliko feni na halihitaji umeme. Hata hivyo, siku isiyo na upepo wala jua hufanya kazi kwa unyonge, na katika wadi za chini zenye joto huenda lisitoshe. Feni ndogo ya volti 12, kama zile za ndani ya kompyuta, hutumia wati chache tu na inaweza kuendeshwa na betri ya sola ya nyumbani. Iwekwe juu, ikitoa hewa nje. Wengi huiweka ikipuliza trei moja kwa moja, kisha wanashangaa upande mmoja umekauka na mwingine umeoza. Feni pia haitoi hewa ambayo haijaingia: tundu la chini likiwa dogo au limezibwa kwa gunia, itazunguka na kupiga kelele bila kazi. Nyaya zipitishwe juu, mbali na maji.

Baridi isiletewe jiko

Shayiri huota vizuri kati ya nyuzi 18 na 24. Kwenye wadi za juu usiku hushuka chini ya hapo, na kishawishi ni kuingiza jiko la makaa ndani ya stoo na kufunga mlango. Jambo hili limekatazwa, na sababu yake ni maisha ya watu. Makaa katika chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Anayeingia alfajiri kunyunyiza maji huenda asipate nafasi ya kurudi mlangoni, na ikiwa stoo imo ndani ya nyumba, hewa hiyo hupenya hadi wanakolala watoto.

Mbegu zenyewe zinatoa joto, kwa hiyo kazi ni kulihifadhi bila kuziba stoo. Matundu ya chini yafunikwe nusu kwa pazia la gunia usiku. Ya juu yasifungwe kamwe. Dari ya magunia au mbao chini ya mabati husaidia sana, usiku kwa baridi na mchana kwa joto. Lishe ikichelewa siku moja au mbili kwa sababu ya baridi, ng'ombe hatadhurika. Katika wadi za chini shida ni kinyume, kwani mabati yasiyo na dari hugeuza stoo tanuri saa za mchana, na joto likivuka nyuzi 27 kuvu hukua haraka kuliko shayiri. Rangi nyeupe juu ya mabati na kivuli cha mti huko hufaa.

Mizizi au kuvu?

Wapo wanaotupa trei nzima bila sababu. Siku ya pili au ya tatu, vinyweleo vyeupe laini hutokea kuzunguka kila mzizi. Huo ni uhai wa mmea, si kuvu. Namna ya kutofautisha ni kunyunyiza maji: vinyweleo vya mizizi hulala na kama kupotea, na kila mzizi huwa na vyake. Kuvu hufanana na utando wa buibui unaounganisha mbegu moja na nyingine, haipotei kwa maji, hunuka, na baada ya muda hugeuka kijivu, kijani au nyeusi.

Ikiwa ni kuvu, trei yote hutupwa. Kukata sehemu iliyooza na kulisha iliyobaki ni hatari, kwa sababu nyuzi za kuvu hupita katikati ya mizizi mahali jicho halioni. Kuku na nguruwe wasipewe. Lishe hiyo ifukiwe. Trei ioshwe kwa sabuni, kisha kwa maji yenye dawa ya kung'arisha nguo kama Jik, isuuzwe na kuanikwa juani hadi ikauke. Zile za jirani yake zichunguzwe moja moja, na kabla ya kutandaza mbegu nyingine ule uzi wa kushonea utazamwe upya. Wakati wa kununua mbegu hizo, zile za kupandwa shambani zilizopakwa dawa, ambazo mara nyingi huwa na rangi nyekundu, bluu au kijani, zisitumike kwa lishe.

Ng'ombe akianza kutetemeka au kuyumba miguu ya nyuma, lishe ya trei isimamishwe saa hiyo hiyo kwa kundi zima, na daktari wa mifugo aitwe. Aonyeshwe trei zilizobaki pamoja na ng'ombe mwenyewe, na aulizwe iwapo maziwa yanaweza kuuzwa au kunywewa. Mfugaji anayetaka stoo yake ikaguliwe kabla ya kuanza kutoboa ukuta anaweza kufika kwa afisa wa kilimo au wa mifugo wa wadi yake, akiwa na vipimo vya chumba: urefu, upana, kimo, na upande ambao upepo hutokea asubuhi.